Je, kioo kilibuniwa na Wayahudi wa kale?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Nimesoma kwamba kioo kilibuniwa na Wayahudi wa kale, na kwamba waliitunza kazi hiyo kama siri yao kwa karne nyingi. Je, ni kweli? Tena, darasani tunafundisha kwamba silika huyeyuka karibu na nyuzi 1,700 za Selsiasi. Watu wale waliokuwa na kuni tu waliwezaje kuyeyusha mchanga?

JIBU: Mwalimu, naomba nianze na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake ndilo linalofungua la kwanza. Mchanga mtupu hawakuuyeyusha. Waliuchanganya na magadi, chumvi ya asili ya aina ileile ambayo kwetu hutiwa kwenye maharage ili yaive upesi, na ambayo huchimbwa katika Ziwa Magadi na kuuzwa kwa viwanda vya kioo hadi leo. Soda iliyomo hukata vifungo vya silika, na mchanganyiko huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,100 hivi, ambalo tanuri la kuni lililojengwa vizuri linaweza kulifikia na kulishikilia kwa siku kadhaa. Hata hivyo, kioo cha silika na soda peke yake huyeyuka majini, na ili kidumu huhitaji kitu cha tatu, nacho ni chokaa.

Hapo ndipo jiografia inapoingia. Kusini ya mji wa Akko, katika pwani ya Foinike inayopakana na Galilaya, mto Belus, ambao leo huitwa Na'aman, humwaga maji yake baharini. Mchanga wa ufuko ule umechanganyika na vipande vidogo vya makombe ya bahari, kwa hiyo chokaa tayari imo ndani yake, tena kwa kiasi kinachofaa. Fundi aliyeleta magadi kutoka Wadi Natrun huko Misri na kuyatia katika mchanga huo alipata kioo chenye takriban asilimia 70 ya silika, 15 hadi 17 ya soda na 8 hivi ya chokaa, bila kujua kwamba chokaa ni kitu cha kuhesabiwa. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza BK, aliusifu mchanga huo, akaongeza kwamba chuma kikiwekwa pale hugeuka kioo, jambo ambalo tumwachie mwenyewe. Pliny, mwandishi Mrumi wa karne hiyohiyo, naye alisimulia jinsi mabaharia waliopika ufukoni hapo juu ya mabonge ya magadi walivyoona kioo kikitiririka chini ya sufuria zao. Ni hadithi tamu, lakini moto wa kupikia ulio wazi upeponi haufikii joto linalohitajika, achilia mbali kudumu nalo.

Kuhusu ubunifu wenyewe, jibu ni hapana. Shanga za kioo zilikuwapo Mesopotamia tangu katikati ya milenia ya tatu KK, na vyombo vya kwanza vilitokea karibu mwaka 1500 KK huko huko Mesopotamia ya kaskazini na baadaye kidogo Misri, vikitengenezwa kwa kuzungushia kioo laini kwenye kiini cha udongo ambacho baadaye kilikwanguliwa. Katika Biblia ya Kiebrania kioo kinatajwa mara moja tu, katika Ayubu 28:17, na hapo kimewekwa sambamba na dhahabu. Taifa ambalo kioo ni kazi yake ya kila siku lisingekiweka mahali hapo.

Wasomaji wengi hupotea kwa kudhani kwamba kutengeneza kioo na kuunda vyombo vya kioo ni kazi moja, ilhali zilikuwa kazi mbili, mara nyingi za watu wawili waliokaa mbali. Kazi ya kuunda ndiyo yenye habari kubwa kwa upande wa Wayahudi. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Nahman Avigad alichimba katika Mtaa wa Wayahudi wa mji wa kale wa Yerusalemu, na ndani ya birika la kujitakasia, lililojazwa taka kisha kufunikwa na barabara, zikapatikana takataka za karakana ya kioo pamoja na sarafu za mfalme Alexander Jannaeus, aliyetawala mwaka 103 hadi 76 KK. Miongoni mwake kulikuwa na mirija myembamba ya kioo iliyozibwa upande mmoja, na mingine ilikuwa imevimba nchani kama kiputo. Fundi alipasha moto ncha ya mrija, akapuliza. Bomba la chuma lilikuja baadaye. Taka hizo, za katikati ya karne ya kwanza KK, ni ushahidi wa kale kuliko wote tulio nao wa kupuliza kioo. Sitasema kwamba mbinu hiyo lazima ilizaliwa mtaani humo, kwa sababu takataka huonyesha tu mahali zilipotupwa. Lakini kwamba mafundi wa Yerusalemu walikuwa miongoni mwa wa kwanza, hilo sina shaka nalo.

Marabi nao ni mashahidi wazuri kwa njia yao. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inasema kwamba Yose ben Yoezer na Yose ben Yohanan, walioishi karne ya pili KK, ndio walioamua kwamba vyombo vya kioo vinaweza kuwa najisi. Vizazi vilivyofuata viliuliza vyombo hivyo vihesabiwe kundi gani, la udongo au la madini: kioo hutokana na mchanga kama chungu, lakini kikivunjika huyeyushwa na kuundwa upya kama madini, na rabi mmoja, Rav Ashi, akaongeza kwamba ndani yake huonekana sawa na nje. Sijui maelezo mafupi na sahihi zaidi ya tabia za kioo kutoka zama zile.

Ama kioo ghafi, hicho kiliyeyushwa kwa tani katika matanuri makubwa, kikaachwa kipoe, tanuri likabomolewa na bamba likavunjwa mabonge ya kusafirishwa. Huko Hadera, katika pwani ya Israeli, yamefukuliwa matanuri 17 ya karne ya 7 au ya 8 BK, yakiwa yamepangwa sambamba. Amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301 inaweka kioo cha Aleksandria kuwa dinari 24 kwa ratili, na kile cha Uyahudi, ambacho kilikuwa cha kijani, dinari 13. Rangi hiyo hutokana na chuma kidogo kilichomo mchangani, na kuiondoa kulihitaji malighafi bora au manganizi, madini yanayofuta rangi ya chuma, ndiyo maana Talmud inataja kwamba katika nyumba za wafiwa, matajiri walinyweshwa kwa kioo cheupe na maskini kwa kioo cha rangi, mpaka ikaamuliwa wote watumie cha rangi ili maskini wasiaibike. Jina «cha Uyahudi» hapa ni la aina ya bidhaa na nchi inakotoka, wala halithibitishi dini ya mwenye tanuri, kwani pwani ile ilikaliwa pia na Wafoinike, Wasamaria na baadaye Wakristo. Nayo bidhaa inayouzwa kwa mabonge huondoa haja ya siri: mpulizaji wa mbali alinunua kioo kilichokwisha kuiva, akakiyeyusha upya bila kujua kanuni ya mchanganyiko.

Kwa darasa lako ningechagua mfano wa Beit She'arim, Galilaya, ambako mwaka 1956 katapila lililosafisha pango liligonga bamba la urefu wa mita 3.4 na uzito wa tani 9 hivi. Lilidhaniwa kuwa jiwe mpaka mwaka 1963, lilipotambuliwa kuwa kioo kilichoharibika, na sasa linahesabiwa kuwa la karibu karne ya 9, wakati majivu ya mimea yalipokuwa yakichukua nafasi ya magadi ya Misri. Majivu hubeba chokaa yake mwenyewe. Aliyeyatia katika mchanga ambao tayari una chokaa alifikisha chokaa karibu asilimia 16, mara mbili ya inayofaa, na badala ya kubaki angavu kioo kikaganda kuwa fuwele zisizopitisha mwanga. Hakuna aliyehangaika kulivunja, na bado limelala palepale lilipoyeyushwa.