Gari Linalozima Likishapata Moto

SWALI: Nina Corolla 110 ya mwaka 1997, injini ya 5A. Asubuhi linawaka na kutembea bila shida. Nikitoka Chumbageni hadi nifike Ngamiani limeshapata moto: linaanza kumisi, na nikiachia mafuta kupisha baiskeli linatetemeka na kuzima. Linanuka petroli. Plagi zote nne nimebadilisha, na wiki mbili tu baadaye ncha zake zimekuwa nyeusi kama tako la sufuria. Fundi anasema ninunue pampu ya mafuta. Ninunue?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Usinunue. Pampu ikichoka mafuta yanapungua. Gari linakosa nguvu mlimani na plagi hutoka na ncha nyeupe. Lako linazidiwa na mafuta. Kuna kitu kinaidanganya kompyuta ya injini.

Anza na sensa ya joto la maji. Ikikwama kwenye kusoma baridi, kompyuta inaendelea kuongeza mafuta kana kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa, na ndiyo maana asubuhi huoni kasoro. Mshale wa temprecha kwenye dashibodi usikupoteze: huo una sensa yake, ya waya mmoja. Unayoitafuta ina nyaya mbili. Zima injini, chomoa soketi, pima sensa kwa mita ukiwa umeiweka kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Maji yakiwa nyuzi 20 isome 2,000 hadi 3,000. Yakiwa nyuzi 80, isome 200 hadi 400. Kwa joto la Tanga, hata gari lililolala usiku kucha huweza kusoma chini kidogo ya 2,000, na huo si ugonjwa. Rudisha soketi, washa mpaka feni izunguke, zima, pima tena. Ikibaki juu ya 1,000, sensa imekufa. Ila kabla ya kwenda dukani tazama meno ya soketi: upepo wa chumvi wa pwani huyaotesha kutu ya kijani, na kutu hiyo peke yake inatosha kupotosha kipimo.

Muulize fundi pia kama themostati ipo, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto. Wengi huitoa, eti nchi yetu ni ya joto. Bila themostati maji hayapati joto linalotakiwa gari likiwa barabarani, na sensa nzima kabisa itaripoti ukweli: maji bado baridi.

Kama hapo pote ni pazima, shika mpira mwembamba wa vakyumu unaotoka kwenye manifoldi, njia ya hewa kuingia injini, kwenda kwenye sensa ya MAP inayopima mgandamizo wa hewa hiyo. Ukunje karibu na ncha, ndipo ufa hujificha. Ukivuja, kompyuta hudhani umekanyaga mafuta hadi chini, inamwaga petroli.

Taa ya injini usiitegemee sana. Ukiunganisha kwa waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, kisha ukafungulia swichi bila kuwasha injini, taa hukonyeza namba: 22 ni joto la maji, 31 ni MAP. Lakini sensa inayosoma vibaya bila waya kukatika haitoi namba yoyote.

Ukishatengeneza, nusa stiki ya oili. Ikinuka petroli, mwaga oili hiyo hata kama kilomita zake hazijaisha, imeshakuwa nyepesi.

SWALI: Langu, la injini hiyohiyo, linamisi mvua ikinyesha tu, lakini halizimi.
Msomaji, Pongwe

JIBU: Nyaya za plagi. Subiri usiku, egesha gizani, fungua boneti injini ikiunguruma, na upulizie nyaya ukungu wa maji kwa chupa ya kunyunyizia. Usizishike. Panaporuka cheche za bluu ndipo umeme unapovuja. Mchana zipime moja moja. Unaozidi omu 25,000 utupe. Kabla ya kuvika mpya, chungulia matundu ya plagi kwa tochi. Ukikuta oili humo, badilisha kwanza sili za tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, la sivyo mipira ya nyaya mpya italainika na kuoza kama ile ya zamani.