Kabla Hujamkalisha Mtu Kiti cha Mbele, Angalia Namba ya Chesesi

Miaka mitatu nimempeleka mama kanisani kila Jumapili, yeye kiti cha mbele, mbele yake eabegi, ule mfuko unaojaa gesi gari likigonga, ambayo kiwanda kilishatangaza kuwa ni ya hatari kabla gari halijapanda meli kuja Dar es Salaam. Sikujua.

Nilikuja kujua kwa bahati. Mwenzangu kazini alikuwa anaagiza gari Japani, na kabla ya kulipa akawa anaingiza namba ya chesesi kwenye tovuti ya kiwanda. Nikamuuliza anatafuta nini. "Lete na yako, kaka," akaniambia. Nikashuka kwenye maegesho, nikafungua boneti, nikafuta vumbi lililogandana na mafuta kwenye kile kibati cha nyuma ya injini, nikapiga picha. Majibu yalikuja kwa Kijapani, tukayatafsiri kwa simu: eabegi ya abiria, haijabadilishwa.

Kiwanda kinapokiri kasoro ya hatari, hutangaza magari yarudishwe yatengenezwe bure, na barua hutumwa kwa mwenye gari aliyeko kwenye usajili wa kule. Gari likishauzwa mnadani na kupakiwa melini, barua haina pa kulifuata. Wewe uliyelitoa bandarini hakuna anayekujua.

Kasoro yangu ilikuwa ya Takata, kampuni ya Kijapani iliyotengenezea eabegi viwanda vingi. Corolla, Vitz, RAV4, X-Trail na Fit za miaka fulani zimo, na ndizo hizo zimejaa barabarani kwetu. Ndani ya eabegi kuna kopo dogo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge vinawaka na gesi inajaza mfuko kufumba na kufumbua. Takata walitumia nitrati ya amonia, na kwenye makopo yaliyoleta balaa hawakuweka kitu cha kunyonya unyevu. Joto na unyevu wa miaka mingi huviharibu vile vidonge. Siku vikiwashwa vinaungua kwa kasi kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia mtu shingoni na usoni. Ajali ambayo ungetoka na michubuko inageuka msiba. Marekani iliyapa kipaumbele maeneo kama Florida kwa sababu ya joto na unyevu wake. Sasa fikiria gari la mwaka 2004 linaloshinda juani Tanga au Mombasa.

Na usidhani viwanda hukimbilia kusema. Tangazo la kwanza la Honda kuhusu kasoro hii, mwaka 2008, lilihusu magari kama 4,000 tu. Miaka ikapita, idadi ikaongezwa kidogo kidogo, hadi makopo yaliyotakiwa kubadilishwa Marekani pekee yakafika milioni 67 hivi. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa mahakamani huko Marekani, baada ya kubainika kwamba ilichezea matokeo ya majaribio. Mwaka huohuo ikafilisika. General Motors, kiwanda cha magari cha Marekani, nao walikuwa na kasoro nyingine, swichi ya funguo iliyolegea: bunda zito la funguo au mtikisiko ungeweza kuizungusha, injini ikazima gari likiwa mwendoni na eabegi zisifunguke. Mwaka 2006 kifaa kilibadilishwa kimyakimya, namba ya spea ikaachwa ileile. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana aliyetafuta chanzo cha ajali asingeweza kuona tofauti kwenye karatasi. Magari milioni 2.6 yaliitwa mwaka 2014, na mfuko wao wa fidia ukakubali vifo 124.

Kwa hiyo angalia mwenyewe, na uangalie kabla ya kutuma hela. Namba ya chesesi iko pia kwenye kadi ya gari. Ingiza namba nzima kwenye tovuti ya kiwanda ya Japani, si ya nchi nyingine. Ukifungua mlango wa dereva, karibu na pale mlango unapofungia, unaweza kukuta stika ndogo ya namba inayoonyesha marekebisho yalifanyika. Usiitegemee peke yake.

Nilipokwenda kwa wakala wa kiwanda, jibu la kwanza lilikuwa, "Gari hili hukununua kwetu." Nikarudi na majibu yaliyochapishwa, nikaomba nionane na mkuu wa karakana. Walipoona namba, wakaagiza kifaa. Nilisubiri wiki tano, kazi yenyewe ikaisha kabla ya saa sita mchana, na sikulipa kitu. Omba karatasi inayotaja namba ya chesesi na kilichobadilishwa, uitunze pamoja na kadi.

Taa ya eabegi ikiwaka kwenye dashibodi, usikubali fundi umeme aizime tu. Wapo wanaochomoa balbu au kuunga waya ili taa ilale, na wewe unaondoka ukiamini umetengenezewa. Na usinunue eabegi ya mtumba. Hujui imetoka gari gani, huenda ni kopo lilelile la Takata limetoka gari jingine la umri uleule.

Wiki zile tano mama alikaa nyuma. Alilalamika kwamba haoni njia vizuri. Nilimwomba radhi, nikamfunga mkanda, na kiti cha mbele nikaweka mikoba.