Sikio la juu bado linauma, nivae pete?

SWALI: Shangazi, nilitogwa sikio kule juu, penye gegedu, wiki tatu zilizopita. Linauma nikililalia na hutoa majimaji meupe yanayoganda. Dada yangu anaolewa mwezi ujao, nami nataka kuvaa pete ndogo ya dhahabu hapo. Inafaa?
— Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Mwanangu, pete isubiri. Ndewe hupona haraka, lakini gegedu halina mishipa yake ya damu, hivyo huchukua miezi sita hadi mwaka mzima. Pete huzungukazunguka na kuchubua kidonda. Baki na kipini kilichonyooka chenye kitako bapa, cha titaniamu ya kuwekwa mwilini. Vya bei rahisi vilivyopakwa rangi ya dhahabu mara nyingi vina nikeli, nayo huwasha sana.

Majimaji hayo ni ya kawaida. Nunua duka la dawa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, usafishe asubuhi na jioni. Spiriti hapana, na usikizungushe kipini. Ukienda kusukwa kwa ajili ya harusi, mwonyeshe msusi sikio kabla hajashika kitana! Helmeti ya bodaboda nayo ivae polepole.

Sikio likiwa jekundu, la moto, likivimba au kutoa usaha, nenda hospitali siku hiyohiyo bila kutoa kipini mwenyewe. Maambukizi ya gegedu huharibu umbo la sikio.

Kipini cha kwanza huwa kirefu kwa sababu ya uvimbe. Ukiisha, rudi kwa aliyekutoga akuwekee kifupi chenye kichwa cha dhahabu halisi. Hicho ndicho cha kuvaa harusini.