Maswali ya wasomaji: Magunia yanapungua kilo, nimkate nani?

SWALI: Nina ghala la dagaa Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na vijana wanne. Mzigo unatoka visiwani, tunaupima, unalala ghalani siku nne au tano, kisha unapanda gari la mikoani. Kila nikipima tena nakuta kila gunia limepungua kilo moja mpaka mbili. Nimewakata mishahara miezi miwili mfululizo, upungufu uko palepale, na vijana sasa hata salamu wanaitikia kwa shida. Nifanyeje? – Mwenye ghala, Kirumba

JIBU: Umekata mishahara miezi miwili na upungufu haujabadilika. Hapo ndipo pa kuanzia, maana mwizi aliyeguswa mfukoni kwa kawaida hupunguza kasi. Inawezekana kabisa kwamba kilo zako hazichukuliwi na mtu.

Dagaa wanaofika wakiwa hawajakauka sawasawa huendelea kukauka ghalani. Chukua gunia la kilo 50 ambalo asilimia 18 ya uzito wake ni maji. Dagaa wenyewe ni kilo 41. Maji yakishuka hadi asilimia 15, gunia zima litasoma kilo 48 na gramu 200 hivi. Kilo karibu mbili zimeondoka na hakuna aliyegusa kitu. Ongeza maji yaliyolowesha gunia ndani ya mtumbwi, pamoja na mchanga unaochujika kila gunia linapobebwa. Ukitaka kujua mapema, chukua dagaa wachache kutoka katikati ya gunia uwakunje. Aliyekauka huvunjika, mwenye maji hujipinda tu.

Kabla ya kumshuku mtu mwingine, fanya jaribio hili. Mzigo ujao ukifika, chagua magunia matatu bila mpangilio. Yapime mbele ya vijana wote, shona midomo kwa uzi wa rangi ya peke yake, andika uzito na saa kwenye karatasi, na wote mtie sahihi. Yafungie mahali ambapo ufunguo ni wako peke yako, ila pawe na hewa na joto sawa na ghala. Ukiyaweka chumba cha bati chenye joto kali yatakauka haraka kuliko mengine na jibu litakudanganya. Siku ya kupakia, pima magunia yote. Kama ya uzi yamepungua kilo moja na nusu na mengine hivyo hivyo, huna mwizi. Una mzigo mbichi, na wa kuzungumza naye ni aliyekuuzia. Kama ya uzi yamepungua nusu kilo na mengine kilo mbili, hapo kuna jambo la kuchunguza.

Tumia mzani uleule kupokea na kutoa, uwe na chapa ya Wakala wa Vipimo, ukae kwenye sakafu iliyonyooka, na usome sifuri kabla ya kila mzigo. Anayepima asiwe ndiye anayeandika. Alfajiri mitumbwi inapopishana na wabebaji wanapiga kelele, mtu mmoja akifanya yote mawili atakosea tu hata kama ni mwaminifu.

Sasa makato. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakikuruhusu kukata mshahara kwa hasara kirahisi namna hiyo. Hasara lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo mwenyewe. Umpe maandishi yenye sababu, kiasi na namna ulivyokipata, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kuwakata wanne kwa sababu humjui mmoja hakumo. Warudishie fedha. Waite pamoja, mbali na wateja, waambie kwamba makato yale hayakuwa sahihi, na uwape siku utakayolipa. Ni vigumu kwa mwenye mali, lakini bila hilo hata jaribio la magunia wataliona ni mtego.

Jaribio likionyesha wizi, shughulika na anayetuhumiwa peke yake: tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kisha kikao ambamo anaruhusiwa kuwa na mwenzake. Ukimfukuza kwa hasira siku hiyo hiyo, ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na utajikuta wewe ndiye unayejieleza.

SWALI: Naanika dagaa Igombe na akina mama sita ninaowalipa kwa siku. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi haiendi, nawaambia wapumzike. Giza likirudi, wawili watatu wameshahamia mwalo mwingine wa kushushia samaki. – Mama wa chanja

JIBU: Mama, uvuvi wa dagaa unategemea taa, na mwezi mpevu unazishinda. Wafanyakazi wako wanalijua hilo. Wanachokikimbia ni kuambiwa "pumzikeni" bila tarehe. Mwezi unajulikana mapema, kwa hiyo siku ya mwisho ya giza, mkononi mwako kuwe na malipo yao yote na tarehe ya kurudi.

Kisha wape siku tatu za kazi za uhakika ndani ya mbalamwezi: kubadilisha nguzo zilizooza, kukaza nyavu za chanja, kushona magunia, kuziba matundu ya maturubai. Tuseme unalipa shilingi 8,000 kwa siku; kwa watu sita na siku tatu ni 144,000. Weka kando kidogo kidogo kila siku ya giza, usingoje siku yenyewe. Halafu linganisha na mgeni asiyejua kuwahi turubai wingu linapokuja kutoka ziwani: mzigo ukinyeshewa, utauuza kwa bei ya chakula cha kuku.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: mtu anayekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, sheria inamchukulia kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama unamwita kibarua. Mwandikie makubaliano ya ukurasa mmoja: kazi, malipo, siku za giza, siku za mbalamwezi.

SWALI: Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye msimamizi wa duka langu la vifaa vya ujenzi Nyakato. Anachelewa, anachukua mali bila kuandika, na wenzake wameanza kumwiga. – Msomaji, Nyakato

JIBU: Mwambie mkeo kwanza, asije akalisikia kwa ndugu. Kisha ongea na shemeji dukani, si sebuleni, na iwe juu ya mambo mawili tu: saa ya kufika na daftari la mali inayotoka. Daftari hilo likuhusu na wewe. Ukichukua misumari kilo mbili ya nyumbani, andika kabla hujatoka, na wote wakuone unaandika. Mpe mwezi mmoja. Asipobadilika, mpe usimamizi mwingine anayefika saa mbili kasoro, na yeye umpangie kazi ya kupeleka mizigo kwa wateja, ambako kila safari ina karatasi ya kusainiwa na anayepokea.