Jiko jepesi la safari ya miguu: Lushoto–Mtae na Ngorongoro–Natron

Mtoa mada anauliza abebe jiko gani na sufuria gani. Amepanga kuanza na Lushoto hadi Mtae, kwenye milima ya Usambara, ili apate mazoezi, halafu yeye na mwenzake watembee kutoka Ngorongoro hadi Ziwa Natron, kila mmoja na begi lake mgongoni, bila punda wa kuwabebea mizigo. Waliotangulia kumjibu wamemtajia majiko ya titani, chuma chepesi, ya kuagiza nje. Naomba nichangie, maana njia zote mbili nimezipita kwa miguu na vyombo vya kupikia nilibeba mwenyewe.

Mkuu, usianze na jiko. Anza na chakula utakachokula, kisha nishati utakayoipata kwa uhakika, kisha sufuria. Ukishayajua hayo, jiko ni jambo dogo. Anayechemsha maji ya chai na kulainisha chakula kilichokwisha iva hahitaji vifaa sawa na anayetaka kusonga ugali wa watu watatu kila jioni. Watu wengi wananunua jiko la gramu 80, halafu wanabeba maharage makavu ya kuchemka saa mbili. Uzito wote waliouokoa kwenye jiko unarudi kwenye gesi.

Lushoto–Mtae tuimalize haraka. Njia ile inapita vijijini. Lukozi kuna soko, Rangwi kuna masista wanaopokea wageni, na huko mbele hadi Mtae hukosi duka wala mama lishe. Jiko beba la chai ya asubuhi tu, na lengo liwe kujaribu vifaa vyako: kujua maji yanachukua muda gani kuchemka na unatumia nishati kiasi gani. Huko ukikwama utakula kwa watu na utalala umeshiba.

Ngorongoro–Natron ni habari nyingine. Ukishatoka Nainokanoka, ukapita Bulati, Empakaai na Nayobi, mpaka kuteremka Ngare Sero, usihesabu kupata kitu dukani zaidi ya sukari, majani ya chai na biskuti. Ukingo wa kreta ya Empakaai uko karibu mita 3,000, usiku ni baridi kali na upepo haukatiki. Siku chache baadaye uko Natron, karibu mita 600 tu, kwenye joto la kukausha koo. Kwa hiyo vifaa vyako vifanye kazi kwenye hali zote mbili. Halafu kuna jambo watu wanalisahau: ndani ya eneo la hifadhi mtatembea na askari mwenye silaha, na askari naye anakula. Mwulize kabla hamjaondoka kama anakuja na chakula chake au anakula kwenu. Tofauti ya watu wawili na watatu inabadilisha sufuria na nishati yote.

Sasa hesabu. Tuseme mko wawili, mnachemsha lita mbili na nusu kwa siku (chai na uji asubuhi, chakula na chai jioni), kwa siku nne. Hizo ni lita kumi.

Gesi ya mitungi midogo ya kufunga kwa skrubu inachemsha lita moja kwa takriban gramu 15, ikiwa umekinga upepo. Lita kumi ni gramu 150. Lakini mtungi haukatwi vipande: utanunua wenye gesi gramu 230, na chuma chake chenyewe kina uzito wa gramu 150 hivi. Ongeza jiko la gramu 80, unaondoka na gramu 460, na siku ya mwisho bado una zaidi ya gramu 300 begini.

Spiriti, yaani alkoholi ya kuwashia, ina joto dogo zaidi kwa kila gramu, karibu nusu ya gesi. Lita moja ya maji inakula mililita 35 hivi, kwa hiyo lita kumi ni mililita 350, sawa na gramu 280. Chupa ya plastiki ni gramu 25, jiko la spiriti lililotengenezwa kwa kopo la soda gramu 15, vyuma vya kukalishia sufuria na kinga ya upepo gramu 40. Unaondoka na gramu 360 na unafika na gramu 80. Kila siku mzigo unapungua, tofauti na mtungi wa chuma unaobaki vilevile.

Kwa hiyo safari fupi ya kuchemsha tu, spiriti inashinda kwa uzito. Ikizidi wiki, au mkiwa watatu wanne na mnapika kweli, gesi inaanza kuwa nyepesi. Kwa mwendo wa Ngorongoro–Natron mko karibu na mpaka wa hesabu hizo mbili, na mimi hapo nachagua spiriti kwa sababu ya upatikanaji. Mitungi ya skrubu utaipata kwa bahati kwenye maduka ya vifaa vya mlimani Arusha au Moshi, leo ipo kesho haipo, na ndege hairuhusu kuisafirisha, si kwenye begi la mkononi wala la chini. Spiriti ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ile ambayo mafundi seremala wanachanganyia shelaki. Angalizo: usinunue ile ya famasia ya kusafishia vidonda. Nyingi ni ya asilimia 70, iliyobaki ni maji, inawaka kwa shida na kuacha maji kwenye jiko.

Jiko la kopo la soda ni jepesi kuliko yote lakini ukilikanyaga limekwisha. Kichomeo cha shaba cha aina ya Trangia kina gramu 110 hivi, na mimi naubeba uzito huo kwa moyo mweupe. Kina kifuniko chenye mpira, spiriti iliyobaki inakaa humo humo hadi kesho. Subiri tu kipoe kabla ya kufunga, maana mpira ukiyeyuka kitavuja ndani ya begi. Kina pia pete ya kupunguzia moto, na hiyo ndiyo inayokuwezesha kupika uji bila kuuunguza.

Hapa nisisitize jambo la usalama. Mchana wa jua, moto wa spiriti hauonekani. Unaangalia jiko, unaona limezimika, unainua chupa uongeze, kumbe linawaka. Moto unapanda na mkondo wa spiriti hadi kwenye chupa uliyoishika. Weka kiganja juu kwa mbali uhisi joto, au shikilia jani kavu juu yake. Likizima, subiri lipoe, ndipo uongeze. Na chupa ya spiriti isifanane kabisa na chupa ya maji: ifunge utepe mwekundu, iandike, iweke mfuko wa nje. Spiriti ya viwandani huweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofusha na kuua.

Ukipata gesi, angalia mchanganyiko. Ile mikebe mirefu ya supamaketi, ya majiko ya mezani, kwa kawaida ni butani, na butani inaacha kugeuka mvuke kwenye nyuzi joto takriban sifuri. Asubuhi ya barafu ukingoni Empakaai itakukatisha tamaa. Mitungi ya skrubu ya milimani huwa na isobutani na propani, hizo zinavumilia baridi zaidi. Hata hivyo lala na mtungi ndani ya mfuko wa kulalia. Na usizungushie mtungi kinga ya upepo pande zote kama unavyofanya kwa spiriti, joto litarudi chini na mtungi unaweza kulipuka.

Jiko la pampu la mafuta ya taa silipuuzi. Kwa kundi la watu wanne na kuendelea, au kwa wiki nzima kwenye baridi ya Mlima Kenya, halina mpinzani. Ila pamoja na pampu na chupa linafika nusu kilo au zaidi, linahitaji kupashwa moto kwanza, na mafuta machafu yanaziba tundu. Kwa watu wawili ni mzigo.

Kuhusu kuni, mchangiaji mmoja hapo juu amesema abebe jiko dogo la kuchomea vijiti, nishati ni bure. Hapana. Kwenye hifadhi zetu kuokota kuni na kuwasha moto ovyo hakuruhusiwi, na nyanda za huku zinashika moto haraka kiangazi. Wote tunakumbuka Oktoba 2020, Kilimanjaro ilivyoungua kwa siku kadhaa. Hata jiko la spiriti lisafishie mahali, ng'oa majani, liweke juu ya jiwe bapa au udongo mtupu, na maji yawe pembeni.

Sufuria. Titani ni nyepesi na ngumu, lakini haisambazi joto: inaungua katikati, pembeni chakula bado kibichi. Kwa kuchemsha maji ni sawa, kwa uji inaudhi. Aluminiamu ya kawaida ya sokoni, lita moja na nusu kwa watu wawili, inapika vizuri zaidi na haitakufilisi. Nenda nayo dukani ukaipime kwenye mzani. Chagua pana kuliko ndefu, moto wa spiriti umetawanyika na unataka kitako kipana. Vipini usitafute, beba kibanio kimoja. Mfuniko ni lazima, hata wa karatasi ya aluminiamu iliyokunjwa mara mbili. Kinga ya upepo na vyuma vya kukalishia sufuria mpelekee fundi bati. Mafundi wa Gerezani kwa Dar, au Kamukunji kwa walioko Nairobi, watakukatia ukiwa umesimama. Mwambie aache matundu chini, moto unahitaji hewa, na nafasi ya kidole kimoja kati ya bati na sufuria.

Sasa chakula, ambako ndiko uzito unakookolewa. Ugali usahau kwenye jiko dogo. Kusonga kunataka nguvu, na kwa nguvu hiyo sufuria inaruka jikoni pamoja na moto. Sisi tuna vyakula vikavu vya asili vizuri kuliko hivyo vya pakiti vinavyouzwa kwa dola. Matobolwa ya Usukumani, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, yamekwisha iva tayari: unayatafuna njiani, au unayaloweka tangu mchana kwenye kopo lenye kifuniko na jioni unayapasha tu. Usichanganye na michembe, hiyo huanikwa mbichi na inataka kuchemshwa hasa. Dagaa ninawatoa vichwa na kuwakaanga bila mafuta nyumbani. Karanga ninazikaanga na kuzisaga. Kwa walioko Kenya kuna nyirinyiri, nyama iliyokaushwa vipande vidogo na kuhifadhiwa kwenye samli, kidogo tu kinashibisha.

Mlo wangu wa jioni ni huu. Maji nusu lita yanachemka, natia chumvi, pilipili, vitunguu vilivyokaushwa na dagaa, halafu tambi nyembamba nilizozivunja vipande vifupi. Zinachemka dakika moja, nazima moto. Nafunika, naizungushia sufuria sweta na kuifunga vizuri, naiacha dakika kumi na tano. Joto lililomo linamalizia kuivisha, namna ileile ya kikapu cha kuhifadhia joto wanachotumia akina mama wengi majumbani. Nikifunua nakoroga vijiko viwili vya karanga zilizosagwa, mchuzi unakuwa mzito. Huku juu usifikirie wali wa kawaida, kwa mita 3,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi na mchele unakula nishati bila kuiva. Asubuhi uji wa lishe, au chai ya tangawizi na chapati za Karatu kwa siku mbili za mwanzo.

Vyombo vyenye harufu ya dagaa usilale navyo hemani. Fisi wapo. Mwulize askari pa kuviweka.

Na maji ya kunywa usiyachemshe kwa jiko. Lita sita za watu wawili kwa siku zitafanya nishati unayohitaji izidi mara tatu. Tumia vidonge vya klorini, yachuje kwanza kwa kitambaa kama yana tope, subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kuchemsha kubaki akiba: dakika moja ya kuchemka kwa nguvu, na ukiwa juu ya mita 2,000 ziwe tatu.

Mwisho, chochote unachopika, usipikie ndani ya hema lililofungwa, hata mvua inyeshe vipi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na nailoni ya hema inashika moto kwa sekunde. Mvua ikizidi, kula matobolwa na karanga, chai itasubiri.

Mtoa mada, hukutaja mwezi mnaokwenda. Ukiuandika hapa nitakupigia hesabu kamili ya spiriti na chakula, maana Aprili ya matope na Septemba ya upepo na majani makavu hazibebi mzigo mmoja.