Uzito wa baba

"Shangazi, kila tarehe ya mshahara baba hunitumia Kutoka 20:12, 'Waheshimu baba yako na mama yako.' Tayari nalipa mikopo miwili ya nyumbani. Sasa anataka nikope tena nimnunulie kaka pikipiki, maana ile ya kwanza aliiuza. Nikisema sina, naambiwa simheshimu. Ng'ombe anao. Je, nikikataa nimetenda dhambi?" Kifungua Mimba, Dodoma

Pole, mwanangu. Aya ni ya kweli, ila baba anaisoma kana kwamba imeandikwa "watii". Kitenzi cha Kiebrania pale ni kabbed, na shina lake ni uzito. Kuhani Eli alipoanguka kitini akavunjika shingo, tunaambiwa alikuwa mzee, tena mzito: kaved, shina lilelile. Moyo wa Farao nao ulifanywa mzito hivyohivyo. Na kumlaani mzazi, katika Kutoka 21:17, kumetoka kwenye shina la wepesi. Basi unaamriwa kumpa baba uzito, asiwe mtu mwepesi machoni pako.

Sikufichi, uzito huo unagusa mfuko. "Mheshimu BWANA kwa mali yako," yasema Mithali 3:9, kwa kitenzi hichohicho. Walimu wa Kiyahudi katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao ya kale, waliieleza heshima hii kwa vitendo: kumlisha mzazi, kumnywesha, kumvika, kumwingiza na kumtoa. Kisha wakabishana gharama itoke kwa nani. Wakaamua itoke kwa baba mwenyewe, akiwa nacho. Mtoto atoe mikono yake na muda wake. Nawe umesema ng'ombe anao.

Pikipiki ya kaka si chakula cha baba wala dawa yake. Katika 1 Samweli 2:29 Eli analaumiwa kwa kuwaheshimu wanawe kuliko Mungu, na kitenzi ni kilekile. (Usithubutu kumtumia baba aya hiyo! Mkianza kurushiana aya hamtamaliza.)

Nenda nyumbani, usipige simu. Beba karatasi ya mshahara ayaone makato kwa macho yake. Kaa chini, mama awepo, useme taratibu: "Baba, chakula na dawa zako ni juu yangu, kiasi hiki kila mwezi. Mkopo wa pikipiki siuchukui." Atanuna. Mwache anune, na mwezi ujao aya ikiingia, siku hiyohiyo tuma ulichoahidi.