Re: Jina langu limewekwa la tatu, nimedhulumiwa?

Mkuu, unasema umewekwa wa tatu kwenye orodha ya waandishi wa makala ya afya ya jamii, na rafiki yako wa hisabati anakwambia mpangilio hauna maana. Nyote mko sahihi, kila mtu na fani yake. Wanahisabati kwa kawaida hupanga majina kialfabeti, basi. Kwenye tiba, wa kwanza ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho mara nyingi ni mkuu wa maabara, na wa katikati wanagawana kilichobaki. Wanafizikia wa chembe ndio kabisa: mwaka 2015 timu za ATLAS na CMS pale CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, zilitoa makala moja kuhusu chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Kurasa 33, na 24 kati yake ni majina na taasisi tu! Hapo wa tatu ana habari gani?

Kwako wewe jiulize nani alistahili kuwemo. Majarida mengi ya tiba hufuata vigezo vinne vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: uwe umechangia kwa kiasi kikubwa, umeandika rasimu au kuipitia kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na unakubali kuwajibika. Vyote vinne, si kimoja. Kutafuta fedha peke yake hakumpi mtu uandishi, hata akiwa bosi (na mabosi hawapendi kusikia hili). Kama huyo aliyewekwa wa pili, mbele yako, alitia jina tu, ongea na mwandishi wa kwanza sasa hivi. Makala ikishatumwa, mhariri atadai maelezo na saini za waandishi wote ndipo abadilishe chochote.